Kisanduku cha Jina la Mtunzi

Jumamosi, 7 Juni 2003

Baridi ya Njombe hii, masikio yanauma. Nimeshinda ofisi ya vijana parokiani nimevaa makoti mawili, vidole vimekufa ganzi kwenye kibodi. Lakini programu inafanya kazi! Nimeiita Kapu la Nyimbo. Mtu anaandika jina la wimbo, inamletea maneno na nota za sauti zote nne, tayari kuchapwa. Kompyuta yenyewe kuukuu, mapadre waliletewa na wafadhili, inaunguruma kama mashine ya kusaga. Ila imekubali.

Alois, mwenyekiti wa vijana, kaja jioni kuangalia. Hongera dada Anjela, hongera sana. Halafu kaniamuru niandike chini ya ukurasa wa mbele: Imetengenezwa na Idara ya Vijana. Haya. Mimi siimbi, sina cheo, nafundisha uhazili chuoni na Jumamosi najitolea. Idara na iwe.

Kitu kimoja nimekisimamia mimi mwenyewe. Nyimbo zetu zinazunguka bila jina. Kwaya inanakili kwa kalamu kutoka kwaya nyingine, karatasi inatembea kigango hadi kigango, wimbo kautunga nani hakuna ajuaye. Kwa hiyo nimeweka kisanduku: Jina la mtunzi. Usipokijaza, wimbo hauingii kwenye Kapu. Hakuna kubembelezana. Alois kasema safi sana, sasa wizi basi.

Jumanne, 10 Juni

Makambako. Intaneti ya uhakika iko huku tu, kwa Bashiru. Mbele duka la vipuri vya malori, nyuma chumba cha kompyuta, harufu ya grisi kila mahali. Bashiru mtu wa Kondoa, alikuja na malori akabaki. Anatuachia saa moja bure kwa kazi ya kanisa. Nilimwuliza kwa nini, na yeye ni Mwislamu. Kasema watu wa kwaya hawampigii kelele na hawaangalii picha chafu, yeye anataka nini tena.

Tovuti imepanda. Nyimbo chache tu, lakini zinafunguka. Bashiru kaita madereva wawili waje waone. Wameangalia, wakauliza matokeo ya mpira yako wapi.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa, Mwalimu Marcelino Mlowe kaniletea nyimbo zake. Mwalimu wa kwaya huyu tangu mimi wa komunyo ya kwanza. Alinifundisha pia darasa la nne, mpaka leo ananiita binti. Karatasi zake safi mno. Wimbo mpya wa matoleo: Njegere Zimechanua. Nikacheka — njegere kanisani! Kasema sikiliza kwanza, utacheka baadaye. Kaimba kwa ile besi yake, mguu unapiga sakafu. Nikaacha kucheka. Kuna mahali sauti ya kwanza inanyamaza, wanaume wananyamaza, sauti ya pili inabeba wimbo peke yake, halafu wote wanaifuata. Sauti ya pili kwa kawaida ni ya kusindikiza tu. Hapa ndiyo mwenye nyumba.

Tukafika kwenye kisanduku. Karatasi haikuwa na jina, zake zote hazina. Nikauliza mtunzi niandike nani. Kakohoa. Kauliza, pakiachwa wazi je? Nikamwambia programu haikubali. Hakuamini, nikambonyezea, ikagoma mbele ya macho yake. Kaitazama kompyuta kama mkaguzi kaingia darasani ghafla. Mwisho kasema, basi weka langu.

Nikaweka. MARCELINO MLOWE. Kaliangalia jina lake pale kwenye kioo muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kasema, hivi likiwa hapo hata mtu wa Dar analiona? Hata wa Ulaya, Mwalimu. Kaenda zake anatabasamu, mwamvuli kausahau.

Ijumaa, 27 Juni

Makubwa! Kamati imechagua Njegere uwe wimbo wa matoleo kwenye kongamano la vijana, Makambako, Agosti. Kwaya za parokia zote kwa pamoja, na Askofu anakuja. Kila kwaya ichukue nakala kwenye tovuti yetu. Alois anatembea kama kazaliwa upya.

Na barua pepe zimeanza kuingia. Mseminari wa Songea. Sista mmoja wa Iringa. Wote: mpeni hongera mtunzi. Nimemchapia Mwalimu. Kazikunja, kazitia mfuko wa ndani wa koti.

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimejua jambo ambalo sikuhitaji kulijua.

Ubeti wa tatu ulikuwa umefifia, karatasi iliingia maji. Nikaenda kwa Mwalimu, mtaa wa Ramadhani, kuhakikisha kabla nakala hazijasambaa. Hayupo, kaenda Ilembula hospitali, macho. Yupo mkewe uani, Mama Tarsis, anamenya njegere. Tukasalimiana Kibena. Kamwene. Kamwene. Kanivutia kigoda, kanimwagia rundo langu nimenye. Huwezi kukaa kwa Mama Tarsis mikono mitupu.

Nikamsomea nilivyoona mimi: mvua ikinyesha nitakushukuru. Kaacha kumenya. Hapana, kasema, sikusema hivyo. Nilisema isiponyesha. Mwalimu ndiye aliyegeuza, anaogopa waumini watanung'unika.

Ulisema wewe, mama?

Kwani nani, kasema. Kama nimemwuliza nani kapika ugali.

Basi nikaambiwa yote, bila kuficha, bila kujigamba. Anaimba akipalilia. Jioni mumewe anamwambia rudia, rudia hapo, anaandika. Nota hazijui hata moja, kwake ni njia za siafu. Sauti za wanaume anazipanga Mwalimu, hapo kasema kweli ni fundi, hana mpinzani. Lakini wimbo wenyewe unatoka kwake yeye mama, na sauti ya pili haigusi mtu, ndiko anakokaa yeye kwayani. Nikauliza ni huu tu? Kacheka. Kaanza kutaja. Ile ya Pasaka. Ile ya kipaimara. Ile tuliyomzikia baba yangu — ile! Nikainama kwenye njegere nisionekane. Miaka yote nimeushukuru moyoni mkono wa mtu mwingine.

Halafu kauliza taratibu: huko kwenye kompyuta mmeandikaje? Nikasema bado tunapanga panga. Uongo mtupu, na sikupepesa macho. Kanifungashia njegere kwenye gazeti. Nimezipika, nimekula, tamu.

Jumatano, 9 Julai

Mwalimu karudi na matone ya macho. Nikamfuata parokiani. Sina ugomvi na mtu, nilitaka tu taarifa iwe sahihi. Mtengeneza programu anapenda taarifa sahihi, basi.

Nikamwambia nilivyosikia. Hakukasirika. Hiyo ndiyo mbaya, angekasirika ningejua pa kushika. Kasema: binti, mtu akiimba shambani, ukipita mkulima mwingine ukasikia, huo ni wimbo wa kwaya? Mpaka usimame kwa sauti nne. Nani kausimamisha? Nikasema wewe, Mwalimu. Kasema, sasa?

Nikasema naweza kupanua kisanduku, yakae majina mawili. Kazi ndogo. Kaniangalia. Watacheka watu, kasema, Mlowe na mkewe kama duka la jumla. Halafu kashusha sauti: niachie, nitaongea nyumbani.

Nimemwachia. Ubeti wa tatu nimerudisha isiponyesha. Kwa hilo sikumwomba mtu ruhusa.

Jumapili, 20 Julai

Hakuongea nyumbani.

Nakala zimegawiwa kwenye mazoezi leo. Alois kazichapa vizuri, karatasi nyeupe, jina la mtunzi juu kabisa kwa herufi nene, mapambo ya maua pembeni. Nilikuwa mlangoni. Mama Tarsis kapokea yake, kaitazama. Kusoma maneno anajua. Kaitazama, kaikunja, kaiweka kwenye mkoba. Wimbo ukaanza. Ilipofika zamu ya sauti ya pili, wenzake wakaingia, yeye kanyamaza. Sauti ikawa nyembamba, ikapotea katikati. Mwalimu kajitia hamnazo, kasema mafua yameingia, baridi hii.

Wakati wa kutoka nilimkimbilia. Nikaanza mama, mimi ile siku... Kanikata kauli. Hakugomba hata kidogo. Kasema: Anjela mwanangu, karatasi zetu zote palikuwa wazi pale juu. Pakiwa wazi, hata mimi nimo. Sasa pamejaa.

Kafunga kitenge vizuri kaondoka. Nilisimama pale kama nimemwagiwa maji ya Njombe ya asubuhi. Kile kisanduku nilikitengeneza mimi. Hakuna aliyenituma.

Alhamisi, 24 Julai

Mazoezi. Mama Tarsis kaja kwa wakati, kasimama mahali pake, mdomo kaufunga. Mtu akimsalimia anaitikia vizuri, anauliza habari za watoto. Wimbo ukianza, kauchuna.

Jumapili, 3 Agosti

Yaleyale. Sasa ndiyo naelewa hali ilivyo. Wale kina mama wa sauti ya pili hawasomi nota. Hawajawahi. Wote wanaegemea sikio lake, na hata Mwalimu alikuwa halijui hilo au hakutaka kulijua. Nyimbo nyingine wanajikongoja. Njegere hawawezi, maana pale wanaachwa peke yao, hakuna wa kujificha nyuma yake. Leo wamejaribu mpaka Juliana, mdogo wao, akaanza kulia.

Alois kaniita pembeni. Dada, hii kitu nini? Nikamwambia. Kashika kichwa. Nakala ziko parokia zote, jina limeshatangazwa kwenye barua ya Askofu! Basi msichokoze, kasema, kongamano lipite kwanza, halafu tutakaa kama wanafamilia. Nikamwambia mimi sichokozi, mimi nimeshachokoza tayari.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Mwalimu tena, safari hii nyumbani. Mkewe yuko jikoni, anasikia kila neno, sufuria zimenyamaza. Nikasema mbele yao wote wawili kwamba kesho niko Makambako na jina linaweza kubadilika. Semeni tu.

Mwalimu katoa zile barua pepe mfukoni. Zimechoka kwa kukunjwa. Kasema: nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, nimestaafu, hakuna aliyeniandikia hata mstari. Sasa wananiandikia. Unataka niwajibu nini, kwamba nilikuwa karani?

Nilimhurumia kweli. Baadaye Mama Tarsis kaleta chai, kammiminia yeye kwanza, kamwekea sukari kama anavyopenda, karudi.

Jumatano, 6 Agosti

Kwa Bashiru. Nimefungua ukurasa wa Njegere, nikakaa. Nimepanua kisanduku, majina mawili yanaingia bila taabu. Sikuandika la pili. Bashiru kapita na kikombe cha kahawa, kauliza mbona leo kibodi haisikiki. Nikamsimulia kwa kifupi. Kasema weka la mama, nani atakufunga? Nikasema siyo langu kuweka, wala yeye hajaomba. Bashiru kasema, angeombaje, na wewe ulimwambia bado mnapanga?

Nilidhani ananipenda huyu mzee. Nimefunga kompyuta, nimetoka, upepo wa Makambako umenijaza vumbi machoni. Nilikuwa na kisingizio kizuri cha macho mekundu.

Jumamosi, 9 Agosti

Kongamano. Vijana wamejaa Makambako, wanalala madarasani, magodoro hayatoshi, viazi vinachemshwa kwenye mapipa. Mimi nimepewa meza ya spika, niangalie vipaza sauti. Idara ya Vijana tena.

Mchana mazoezi ya pamoja, kwaya zote uwanjani. Mwalimu kapanda juu ya benchi, suti ya kaki, kijiti mkononi. Mtangazaji kasema: huyu ndiye mtunzi wenyewe! Makofi, vigelegele, nderemo. Vijana kutoka mbali wanasukumana wamwone. Kainamisha kichwa. Kutoka pale nilipo niliona koti linapanda na kushuka kifuani.

Wakaanza. Mwanzo ulikuwa mzuri kupita kiasi, sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakiimba kitu kimoja. Ikafika zamu. Sauti ya kwanza kimya, wanaume kimya. Sauti ya pili za parokia nyingine zikatazama Njombe, maana karatasi inasema Njombe waanze. Njombe wakamtazama Mama Tarsis. Mama Tarsis akatazama mbele.

Kimya uwanja mzima. Lori likapita barabarani, likasikika lote.

Mwalimu kasema tena, kutoka mwanzo. Tena kimya palepale. Kasema tena. Mara ya mwisho alishuka kwenye benchi, kasema jua kali, wapumzike. Kijana mmoja karibu na meza yangu kamwuliza mwenzake, hivi mtunzi mwenyewe hawezi kuwafundisha watu wake?

Mwalimu alisikia. Namjua, alisikia.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika haya kwenye meza ya spika, nyuma ya nakala ya wimbo. Mahubiri yanaendelea, marefu. Sina pa kwenda.

Asubuhi kabla ya misa Mwalimu kanijia. Hajanyoa. Kasema, binti, nenda kwa mama yako, madarasa ya kina mama. Mwambie ninamwomba. Nikauliza kwa nini asiende mwenyewe. Kasema nimekwenda jana jioni, kanipa maji ya kunawa, kanipa chakula, kaniuliza kama nimeweka matone.

Nikaenda. Nimemkuta kashavaa sare ya kwaya, anamfunga Juliana kilemba. Nikasema Mwalimu ananituma, anakuomba uimbe, leo tu, Askofu yupo. Nikaongeza la kwangu: kisanduku nimekipanua, jina lako linaingia, sema neno nikimbilie kwa Bashiru sasa hivi. Kamaliza kilemba kwanza. Kakiangalia kama kimekaa sawa. Kasema:

Mwambie mtunzi aimbe.

Tu. Wala hakuinua sauti.

Nimerudi. Mwalimu kauliza, kasemaje? Nilifikiria kupunguza. Nimezoea kupunguza. Nikamwambia kama yalivyo, maneno matatu. Maandamano yalikuwa yameshajipanga, msalaba mbele, akaenda mahali pake.

Mahubiri yamekwisha. Nasadiki. Maombi.

Sasa matoleo. Watu wamepanga mstari tangu mlangoni, mahindi, viazi, njegere kwenye ungo, kuku anapiga kelele. Wimbo umeanza. Wanaimba vizuri, Mungu wangu. Ubeti wa kwanza umepita.

Inakaribia. Sauti ya kwanza wamenyamaza. Wanaume wamenyamaza.

Mwalimu kashusha mikono. Hakuongoza. Kageuza uso kwa sauti ya pili, kwa mtu mmoja tu, kijiti kakiweka sakafuni na kavua miwani. Kinanda kimetoa sauti ya kuanzia, kimengoja, kimeitoa tena. Watu wanaanza kugeuza shingo wajue Mwalimu anamtazama nani. Waliobeba matoleo wamesimama katikati ya njia. Mama Tarsis kakamata mkoba kwa mikono miwili, na midomo yake sijui, kutoka hapa sioni vizuri, Alois kanizibia, nimemsukuma.

Askofu naye kageuka, anamtazama Mama Tarsis.